Waya kwenye meno ya fundi

Jumamosi moja mwezi uliopita mpwa wangu, binti wa dada yangu, alinijia na ndoo. Ndani yake kulikuwa na boya la plastiki, waya za rangi tatu, na bodi mbili ndogo zilizofungwa pamoja kwa raba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Ndoo ya nini tena?"

"Hili ndilo tangi letu la maji. Wewe mimina, halafu sikilizia simu yako."

Nikamimina, jagi baada ya jagi. Boya likapanda taratibu, likagusa swichi iliyokuwa karibu na ukingo, na simu ikatetemeka mfukoni. Meseji ya maneno mawili: TANGI LIMEJAA.

Nilifurahi hadi nikainuka kwenda kuvuta boksi chini ya kitanda. Nilitaka aone kwamba kazi hii imo kwenye damu. Nikampa bodi yangu ya zamani, ya kahawia, yenye mistari ya shaba na madoa ya risasi ya kuungia, manene kama mbegu za papai. Akaigeuza, akaifuata mistari kwa kidole, bila kusema neno.

"Hii ilikuwa inaingia moja kwa moja kwenye laini ya simu?"

"Moja kwa moja."

"Na ulimwomba nani ruhusa?"

Nikacheka, nikasema enzi zile hapakuwa na wa kumuuliza. Chai ikaletwa, mazungumzo yakahamia kwenye mambo mengine.

Lakini wa kumuuliza alikuwepo. Alikuwa juu ya nguzo, mita ishirini kutoka mlangoni kwetu.

Tangu siku ile swali la yule binti halijaniacha.

## Taa ya barazani

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha tatu, Tanga. Nyumba yetu ya Ngamiani ilikuwa na simu ya mezani, na nusu ya waliopiga walikuwa wanawatafuta majirani. Kaka yangu mkubwa alikuwa Muscat. Alipiga kila Ijumaa baada ya Magharibi, na kwa baba saa ile ndiyo iliyokuwa kilele cha wiki.

Masikio ya mzee yalikuwa yameanza kumwacha. Mkonga ukiwa sikioni alisikia vizuri tu. Ila alipenda kukaa barazani kupunga upepo, na kengele ya simu kutoka sebuleni haikumfikia. Mama akiwa ametoka, Ijumaa ilipita hivi hivi.

"Leo hakupiga?" angeuliza usiku.

Hakuna aliyetaka kumwambia kwamba alipiga.

Nikaamua kumtengenezea taa. Simu ikilia sebuleni, balbu iwake barazani, ukutani mbele ya kiti chake.

## Waya mbili

Mtu aliyekulia na simu ya mkononi anaweza kudhani zile waya mbili zilipitisha sauti tu. Hapana, zilipitisha pia umeme uliotoka kwenye betri za kituo cha simu, volti 48 za DC, yaani umeme wa mwelekeo mmoja, upande wa chanya ukiwa umefungwa ardhini ili shaba isiliwe na kutu haraka. Ndiyo maana umeme wa mtaa ulikatika na simu ikabaki hai. Ukiinua mkonga, mzunguko ulifungwa na mkondo mdogo ukapita, miliampia ishirini na kitu, na kwa mkondo huo kituo kilijua kwamba kuna mtu anataka kuongea. Ukiurudisha, mkondo ulikatika. Lugha yenyewe ilikuwa hiyo tu: mkondo upo, mkondo haupo.

Simu inapolia ni mambo mengine. Kituo hutuma umeme wa AC, volti 70 hadi 90, unaogeuka mara 20 au 25 kwa sekunde kutegemea nchi. Aliyewahi kushika ncha za waya wakati simu inaingia anaujua umeme huo.

Kwa hiyo saketi ya taa ni rahisi kuieleza. Weka kapasita mlangoni: DC haipiti, AC inapita. AC ikishapita, iamshe transista. Transista ivute rilei, ile swichi inayofungwa kwa umeme, na rilei iwashe balbu ya volti 230.

Kuieleza ni rahisi. Vifaa ndivyo sikuwa navyo. Kapasita niliitoa kwenye redio iliyokufa, imeandikwa volti 16 ubavuni, nami nikaitegemea izuie 48 na ipokee 90. Rilei ilitoka kwenye stabilaiza mbovu. Adapta ya kuendesha saketi nayo niliifunga hasi yake kwenye mguu mmoja wa laini ya simu, kwa sababu kwenye vitabu vyangu kila saketi ilikuwa na hasi moja, na sikujua kwamba kuna mahali ambapo hasi mbili hazitakiwi kukutana.

Na kwenye bodi ile, mstari wa shaba uliobeba waya wa moto wa ukutani ulikuwa jirani na mstari uliokwenda kwenye laini ya simu.

Jirani kabisa.

Ijumaa ya kwanza taa iliwaka. Baba aliitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake, akasimama, akaingia ndani kwa haraka ambayo sikuwa nimeiona kwake muda mrefu. Ijumaa ya pili vilevile. Nililala usiku ule nikiwa mtu mkubwa.

## Inatumika

Ijumaa ya tatu taa haikuwaka.

Kaka alifika kwa jirani kwa njia ya simu ya jirani: anapiga tangu jana, kwetu inatumika tu. Mama akainua mkonga, ukawa kimya, una mvumo wa chini kama wa nyuki. Leo najua kilichotokea. Kapasita ya volti 16 ilikuwa imeshindwa na kuanza kuvujisha DC. Kituo kikaona mkondo, na mkondo maana yake mkonga umeinuliwa. Kwa kituo cha simu, mzee wetu alikuwa anaongea mchana na usiku bila kupumua.

Wakati ule sikuunganisha mambo. Nilidhani laini imeharibika, kama zilivyokuwa zikiharibika kila mvua ikinyesha. Mama akaenda kutoa taarifa.

Siku ya nne, narudi shule saa nane mchana, nikamkuta fundi juu ya nguzo. Mkanda wa ngozi kiunoni, miguu imekaza kwenye vyuma, kisanduku cha nguzo kimefunguliwa. Alikuwa ametenganisha waya za kwetu na zile za kituoni. Mkono mmoja ulishika kisanduku, mwingine ulishika simu yake ya kupimia, na ncha za waya zinazokwenda nyumbani kwetu alikuwa amezibana kwa meno, anamenya mpira.

Nilisimama katikati ya barabara na mkoba begani.

Ile mistari miwili ya shaba ilinijia akilini jinsi ilivyo, na kile kinafasi kati yao. Unyevu wa bahari. Utomvu wa risasi ambao sikuusafisha. Rilei kuukuu. Adapta ilikuwa kwenye soketi, balbu ilikuwa kwenye soketi. Volti 230 zilikuwa zinangoja nyuma ya upenyo mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, na upande wa pili wa upenyo huo kulikuwa na meno ya mtu.

Nikakimbia ndani. Nikachomoa vyote.

Nilipotoka alikuwa amerudishia waya. Akapima, akatikisa kichwa, akapima tena. Laini ilikuwa nzima. Nilijua kwa nini ni nzima. Yeye hakujua, na kwa kuwa hakujua alikaa juu ya ile nguzo karibu saa nzima, juani, akifungua na kukaza viungo ambavyo havikuwa na ubaya wowote. Mama alimpelekea maji. Mimi ndiye niliyeshika kikombe.

"Ilikuwa nini?" mama alimuuliza aliposhuka.

"Labda kiungo kililegea, mama."

Akaninywea maji yale mbele yangu, akanirudishia kikombe, akasema ahsante mwanangu.

Sikumwambia.

## Vifaa vya kigeni

Wiki hizi nimejaribu kujitetea, na utetezi wangu haukuwa dhaifu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba katazo la kugusa laini ya simu lilikuwa uchoyo wa wenye mitambo. Historia inanipa ushahidi wa kutosha.

Huko Marekani, kampuni ya AT&T ilikataza kifaa chochote kisicho chake kuunganishwa na simu zake. Iliviita vifaa vya kigeni. Katazo lilishuka hadi kwenye kikombe. Kulikuwa na kitu kiitwacho Hush-A-Phone, kifuniko tu cha kuvisha mdomo wa mkonga ili aliye karibu asisikie unachosema. Hakina waya wala umeme. AT&T ikasema nacho kinaharibu huduma, na mwaka 1955 mamlaka ya mawasiliano ya huko, FCC, ikaiunga mkono. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi huo. Ilisema mteja ana haki ya kuitumia simu yake kwa namna inayomfaidi yeye binafsi, maadamu haiudhuru umma.

Kisha akaja Tom Carter wa Texas. Watu wake walikuwa wafugaji na wachimba mafuta walioko porini na redio za upepo, wakitaka kuongea na watu walioko kwenye simu. Akatengeneza Carterfone. Mwendesha redio aliulaza mkonga juu ya kifaa, kifaa kikasikiliza sauti na kubadili redio kutoka kupokea kwenda kurusha. Hakuna waya uliogusa waya. Ni sauti tu iliyovuka. Hata hivyo aliwekewa vikwazo, akaenda mahakamani, na mwaka 1968 FCC ikaamua kwa upande wake.

Nasoma kesi hizi na damu inachemka kwa ajili ya Carter. Mtu amekaa na tatizo la jirani yake, amelitatua kwa mikono yake, anaambiwa mlango umefungwa. Mimi nilikuwa na baba barazani.

Hapo ningeweza kufunga daftari. Lakini Carter hakugusa waya. Mimi niligusa.

Nikaendelea kusoma yaliyofuata baada ya ushindi wake. AT&T ilifungua mlango, ikaweka bawabu: unganisha utakacho, ila upitie kwenye kisanduku chetu cha kinga, ambacho utakikodi kwetu. Watengenezaji wakalalamika, na mwaka 1975 FCC ikatunga kanuni za kusajili vifaa vyenyewe, ili kifaa kilichopimwa kikapita kiunganishwe bila kisanduku. Kanuni hizo zinataja madhara ambayo mtandao unapaswa kulindwa dhidi yake. Mitambo kuharibika. Mashine za kutoza fedha kukosea. Huduma ya watu wengine kuzorota.

Na kabla ya yote hayo, la kwanza kwenye orodha: hatari ya umeme kwa wafanyakazi.

Kwa miaka yote nilipofikiria sheria hizi nilimwona mwenye kampuni kwenye kiti chake. Sikumwona aliyeko juu ya nguzo. Na wenye kampuni kweli walimtumia yule wa nguzoni kama ngao ya kulinda biashara zao, la sivyo wasingepigana na kifuniko cha kuzuia sauti. Lakini kwamba walimtumia vibaya hakumfanyi asiwepo.

Hili lilinichukua muda kulikubali.

## Jicho na taa ndani ya kasha moja

Nilibomoa saketi wiki ileile. Fundi redio mmoja mtaani, bila kumweleza kisa, nilimuuliza unatengaje umeme wa upande mmoja na mwingine. Akachomoa kwenye bodi ya televisheni kidude cha miguu sita, akaniambia ndani kuna taa na jicho vinatazamana. Optokapla. Upande huu ukiwaka, upande ule unaona, na kati yao hakuna waya, kuna mwanga.

Carter alivusha sauti. Kidude hiki kinavusha mwanga. Wengine wanatumia transfoma ndogo na kuvusha usumaku. Ni hekima ileile: habari ivuke, umeme ubaki.

Bodi ya pili ilikuwa na kapasita ya volti 250 iliyonunuliwa dukani kwa fedha ya nauli, na kati ya upande wa simu na upande wa ukutani niliacha uwanja mtupu, sentimita nzima, mistari yote ya shaba iliyokuwa katikati nimeikwangua kwa kisu. Ilikaa ukutani hadi laini yenyewe ilipoondolewa. Baba hakuikosa Ijumaa nyingine kwa sababu ya masikio.

Nayo pia sikuiombea ruhusa. Nalisema hili kwa kuwa ningeweza kuliruka, na msomaji akadhani nilitubu mara moja. Nilirekebisha saketi. Ukimya sikuurekebisha.

## Moduli ya ukubwa wa stempu

Ndoo ya mpwa wangu ina moduli ya SIM800L. Ni ndogo kama stempu ya posta. Inaingizwa laini ya kawaida, inatafuta mnara, na Arduino, ile bodi ya pili iliyo kompyuta ndogo, inaiamuru kwa maandishi. Karibu amri zote zinaanza na herufi AT, yaani: sikiliza. ATD, piga. ATA, pokea. ATH, kata, na hiyo H ni ya ndoano ya kutundikia mkonga. Binti hajawahi kutundika mkonga maishani mwake, lakini akitaka simu ikatike anaandika herufi ya ndoano. Amri hizi zilienea na modemu ya Hayes ya mwaka 1981, kifaa cha kuunganisha kompyuta na simu, iliyotengenezwa kwa ajili ya waya mbili zilezile za shaba.

Nilipolitambua hilo nilikaa kimya kidogo.

Maana stempu ile ndiyo kile kisanduku cha kinga. Kila kinachoweza kuusumbua mnara kimefungwa ndani ya kibati chake: masafa, nguvu ya kurusha, zamu ya kuongea. Mpwa wangu anaweza kukosea usiku kucha upande wake wa bodi, moduli ikaungua, ikanuka, na hakuna fundi yeyote nchini atakayejua. Kwetu vifaa vya mawasiliano huidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kabla ya kuunganishwa. Yeye alichouliza kilikuwa swali la kweli, na jibu lake lipo.

Mwanzoni niliona wivu. Halafu nikaona hasara: hatajua kamwe ladha ya waya ule. Halafu nikajiuliza, ladha ya nani? Mdomoni mwa nani?

Lakini hata kibati hakizuii kila kitu. Wiki ya pili alinipigia akiwa mnyonge. Tangi la kweli, si ndoo, lina mawimbi maji yakiingia kwa kasi. Boya lilikuwa likicheza, swichi ikigusa na kuachia, na programu yake ilituma meseji kwa kila mguso. Alfajiri bando la mama yake lilikuwa limekwisha, na laini ile imesajiliwa kwa alama za vidole za mama yake. Kwa macho ya mtandao, dada yangu alikesha akitangaza kwamba tangi limejaa.

"Nimeweka programu isubiri sekunde thelathini boya litulie," aliniambia. "Na isitume zaidi ya meseji moja kwa saa."

"Umemwambia mama yako?"

"Ndiyo. Nilimwambia kabla hajaamka vizuri."

Miaka kumi na sita, na alimwambia kabla hajaamka vizuri.

## Jumapili

Jumapili iliyopita nilikwenda kwao. Tangi liko juu ya mnara wa matofali, moduli imo kwenye kopo la plastiki lililozibwa kwa gundi. Nilibeba ile bodi ya kahawia. Tulikaa kwenye ngazi, nikamsimulia yote: kapasita ya volti 16, hasi zilizokutana, nguzo, meno, kikombe cha maji. Sikuacha kitu.

Hakunikatiza. Nilipomaliza aliichukua bodi, akatoa rula kwenye mkoba wake wa shule, akaiweka katikati ya ile mistari miwili.

"Milimita moja na nusu," akasema. "Na hapa risasi imetokeza. Hapa haifiki hata moja."

"Najua."

Akakaa na bodi mapajani.

"Alikuwa anaitwa nani?"

Nikamwambia sikumuuliza jina.